Wakfu na Maneno ya Wasia

Mwaka 1870 Sophie Newcomb, msichana wa Marekani, alifariki akiwa na umri wa miaka 15. Mama yake, Josephine Louise Newcomb, alikuwa mjane mwenye mali nyingi. Mwaka 1886 alikipa Chuo Kikuu cha Tulane, mjini New Orleans, dola 100,000 ili kianzishwe chuo cha wasichana chenye jina la Sophie. Alipofariki mwaka 1901, mali yake iliyosalia ilikiendea chuo hicho.

Fedha za wakfu ni kama ng'ombe wa maziwa: hachinjwi, bali hukamwa kila siku. Hata hivyo zizi hilo lilikuwa na mlango mwembamba. Zawadi ilitajwa kuwa ya wasichana Wazungu, na Weusi hawakupokelewa hadi mwaka 1963.

Baada ya tufani ya mwaka 2005, Tulane ilikiunganisha chuo hicho na kile cha wanaume. Jamaa za marehemu walishtaki, wakashindwa. Mahakama iliona kwamba wasia haukuweka sharti la kukidumisha peke yake.

Basi atoaye wakfu na ayapime maneno kama azipimavyo fedha. Mtoaji hufa, hati ndiyo isemayo badala yake.