Franga za zamani: tunazichunga kwa nini?

Ndugu wanafunzi, wako kati yetu wenye kuchunga feza za chuma za zamani. Mmoja anataka kuziuzisha, mwengine ni kujionyesha tu mbele ya wenzake. Yule wa kuuzisha simulaumu, minerval haingoji mutu. Lakini ajue kwanza anauzisha nini.

Kamata ile ya franga mbili ya mwaka 1943. Iko na pembe sita, na tembo juu yake. Ilitengenezwa Philadelphia, kule Marekani, sababu Ubelgiji ilikuwa chini ya Wajerumani. Kamata tena ile ya 1961, wakati Katanga ilijitenga: upande mmoja ndizi, upande mwengine msalaba wa shaba. Na ule msalaba wenyewe ulikuwa feza ya bankambo mbele wazungu wafike. Mwalimu wa historia angepata pale somo zima!

Ninaowapinga mimi ni wale wenye kusugua feza na mchanga mpaka mwaka unafutika, ao kuitoboa wavae shingoni. Hapo bei inaanguka, na sisi hatusomi tena kitu.