Dawa Mbili Katika Bomba Moja

Ukinunua dawa ya nyanya au ya kahawa, utaona kwenye chupa kipimo chake, siku za kungoja kabla ya kuchuma, na rangi inayoonyesha ukali wa sumu. Maneno hayo hayakuandikwa kwa kubahatisha. Chini ya sheria ya mwaka 1982, dawa haiuzwi Kenya kabla haijachunguzwa na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu. Lakini yahusu dawa hiyo peke yake. Siku utakapotia ya wadudu, ya ukungu na ya utitiri katika bomba moja, ili kuokoa maji na kibarua, umetengeneza dawa ya nne, ambayo pengine hakuna mtu aliyepata kuipima.

Wako wanaochanganya kwanza katika chupa ya kioo, wakiona haigandi huitia bombani. Ni desturi njema, maana bomba haliziba. Lakini chupa hiyo haikuambii lolote juu ya ini lako.

Mwaka 1957 wataalamu wa serikali ya Marekani walipima malathioni, ambayo peke yake si kali sana kwa mtu, pamoja na dawa iitwayo EPN. Kwa mbwa, sumu ya zote mbili ilifikia mara 50 ya ile waliyoitazamia kwa kujumlisha. Kumbe ini huivunja malathioni, na EPN huizuia kazi hiyo. Mlinzi amefungwa, mwizi aingia!

Basi jaribio la haki lina sehemu nne, kama lile la mbolea shambani: pasipotiwa kitu, penye dawa ya kwanza, penye ya pili, na penye zote mbili. Ikikosekana moja, hujui madhara yametoka wapi. Kupima sumu ni kazi ya maabara, si yako.

Watasema michanganyiko ni mingi mno. Kweli, dawa 10 hutoa jozi 45, na dawa 20 jozi 190. Kwa hiyo naona wapimaji waanze na ile inayotumika kweli Mitunguu, Timau na Makima. Nao wataijuaje, ikiwa wakulima huificha kwa kuogopa kukemewa? Andika katika daftari kila ulichochanganya, kiasi chake na tarehe. Kama aliyenyunyizia aliumwa kichwa, alitapika au macho yaliingia kiwi, liandike hilo pia, umwonyeshe Bwana Shamba. Naye asikemee.

Hadi hapo, usichanganye ila maandishi ya chupa yameruhusu. Nyunyizia moja, osha bomba, na nyingine ingoje siku yake. Najua kazi itaongezeka, na katika nchi kavu ya Makima kila debe la maji lina thamani. Na mtu akiugua, mpeleke hospitali upesi pamoja na chupa zote zilizotiwa bombani, si moja tu, ili daktari ajue anapambana na nini.