Sabufa Kubwa Si Sauti Nzuri

Siku hizi si ajabu kuingia nyumba ya hapa Mlali na kukuta sabufa na spika zake mbili. Ni jambo la kufurahisha. Lakini yapo mazoea yasiyofaa: sauti ikiwa mbaya, mwenye nyumba huilaumu mashine, hutafuta fedha, akanunua kubwa zaidi, na hiyo nayo hunguruma vile vile. Nasema kosa mara nyingi si la mashine, bali ni la mahali ilipowekwa.

Fizikia yatufundisha kwamba sauti hupita hewani kwa mwendo wa mita 340 hivi kwa sekunde, tena hurudi ikigonga kitu kigumu. Ukuta wa sementi, sakafu tupu na bati lisilo na dari huirudisha mara nyingi, na maneno huchanganyikana. Spika ikikaa kwenye pembe ya chumba, kuta mbili huzidisha mvumo wa besi.

Basi tufanyeje? Kwanza, tuzitoe spika pembeni, tuziweke usawa wa masikio ya mtu aliyeketi. Na umbali baina yao uwe sawa na umbali wa kila moja hadi kwa msikilizaji, mathalani mita 2. Pili, tutandike zulia au mkeka, tutundike pazia zito. Tatu, tuzime umeme, kisha tutazame nyaya: nyekundu penye nyekundu, nyeusi penye nyeusi. Zikigeuzwa kwa spika moja, hiyo husukuma hewa wakati mwenzake anaivuta, na besi hupotea. Mwisho ndipo tuguse vitufe, tukipunguza kilichozidi kabla ya kuongeza kilichopungua.

Wengine watasema haya ni mambo ya matajiri. Sivyo, kuhamisha spika hakuna bei. Tena sisi tulio Ugogo tunayo sababu kubwa. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliipeleka ilimba na zeze hadi Ulaya. Ilimba ina mtetemo mwembamba juu ya kila mlio. Besi ikizidi, mtetemo huo hufunikwa, na mtoto hukua akidhani muziki wa babu zake ni kelele tu.

Zaidi ya hayo, jirani ana mtoto anayejisomea. Sauti safi husikika vema hata ikiwa ndogo. Iliyochafuka ndiyo hutaka kupandishwa. Wahenga walisema, ngoma ivumayo haidumu. Wazazi wetu, kabla ya kwenda Dodoma kununua kubwa, ihamisheni kwanza ile mliyo nayo, na sisi watoto wenu mtuite tuwasaidie.