Barua ya Lindi na Ripoti ya Karanga: Tujifunze Kusoma kwa Mizani

Ndugu msomaji, watu wa kusini tumejaaliwa kupenda maneno mazuri. Khatibu akipanda mimbari na kuyapanga maneno yake yakapangika, tunatoka msikitini tukiambiana, "Leo kasema!" Lakini ni mara chache tunaulizana: kasema nini, na kwa ushahidi gani? Uzuri wa maneno ni neema, na fasaha ni pambo la mwanadamu. Hata hivyo pambo hilo huvaliwa na mkweli na huvaliwa na mwongo, na asiyejua kutofautisha nguo na mwili hudanganyika kila siku.

Katika makala haya tumekusudia kuyapima maandishi mawili yaliyogusa maisha ya watu wa Lindi na bara yake, yaani nchi ambayo leo ina wilaya za Nachingwea na Ruangwa. La kwanza lilidaiwa kutoka Madina. La pili lilitoka London. Moja lilikuwa barua ya dini, jingine ripoti ya serikali. Si mashairi wala si hadithi za kubuni. Yote mawili yalijitangaza kuwa ni habari za kweli. Na yote mawili, tutakavyoona, yalifinyangwa kwa mbinu zilezile.

Tuanze na barua. Mwaka 1908 nchi ya nyuma ya Lindi ilikuwa bado inauguza majeraha ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 na njaa iliyovifuata. Katikati ya mwaka huo ikazuka mjini Lindi barua iliyosomwa misikitini na kunakiliwa kwa mkono kutoka mtu hadi mtu. Wazungu waliiita Barua ya Makka. Ilisimulia kwamba Sheikh Ahmad, mtumishi wa kaburi la Mtume (s.a.w.), alimwona Mtume ndotoni akihuzunikia hali ya umma wake, akaagizwa awaonye Waislamu kwamba mwisho umekaribia. Maofisa wa Kijerumani waliihusisha na Mohamed bin Khalfan al-Barwani, maarufu kwa jina la Rumaliza, aliyekuwa akiishi Zanzibar, na jamaa zake waliokuwa Lindi.

Tuitazame barua hiyo ilivyojengwa. Kwanza, msemaji. Mwandishi halisi amejificha nyuma ya milango mitatu: nyuma ya Sheikh Ahmad, nyuma ya ndoto, na nyuma ya jina tukufu la Mtume. Anayetaka kuuliza "nani kasema?" lazima aibishe milango yote mitatu, na muumini wa kawaida huona haya hata kugonga mlango wa kwanza.

Pili, idadi. Katika nakala moja mashuhuri, ambayo Sheikh Abdul-Aziz bin Baz wa Saudi Arabia aliiandikia risala ya kuikanusha, imedaiwa kwamba watu 160,000 walikufa kati ya Ijumaa moja na nyingine wakiwa nje ya Uislamu. Nani aliyewahesabu? Idadi hiyo haikuwekwa ili tujue jambo. Imewekwa ili tutetemeke. Dalili yake ni kwamba hubadilika kutoka nakala moja hadi nyingine, na woga unabaki uleule.

Tatu, wakati. Mlango wa toba unakaribia kufungwa, jua linakaribia kuchomoza magharibi. Mtu aliyeambiwa kwamba nyumba inaungua haulizi jina la aliyepiga kelele.

Nne, ahadi na kitisho. Atakayeinakili barua na kuipeleka mji mwingine, ikiwa ni maskini atatajirika, ikiwa ana deni litalipwa. Asiyeinakili atapata hasara duniani na akhera. Hapa pana ufundi unaostahili kuangaliwa kwa makini. Sentensi mbili zimesimamishwa sambamba, moja ya mtiifu na moja ya muasi, na kati yake hapana nafasi ya mtu wa tatu: yule anayesema, "Ngojeni kwanza niulize." Usambamba huo wa maneno umemfuta mwenye busara katika orodha ya wanadamu.

Tusiwacheke wazee wetu walioinakili. Barua ile ilibeba pia mambo ya kweli: iliwahimiza watu kusali, kutoa zaka na kuacha maovu. Iliwafikia watu waliozika jamaa zao na waliotamani kusikia kwamba msiba wao una maana. Uongo mtupu hausafiri mbali. Unaosafiri ni ule uliopakatwa na ukweli.

Wala watawala hawakusoma vizuri zaidi. Kwa hofu waliyobaki nayo baada ya Maji Maji, maofisa wa Kijerumani waliiona barua kuwa ni tarumbeta ya vita vipya. Lakini mwanachuoni wa Kiholanzi, Snouck Hurgronje, alikuwa amekwisha kuandika juu ya barua ya namna hiyo katika miaka ya 1880, ilipowafikia Waislamu wa Java, wakati utawala wa Kijerumani katika Afrika Mashariki ndiyo kwanza unaanza. Mwaka 1911 Carl Heinrich Becker, katika uchunguzi wake juu ya Uislamu katika koloni hilo, aliichambua barua ya Lindi kwa kuilinganisha na nyingine za aina yake. Kumbe onyo lililodhaniwa kuwa la Lindi lilikuwa limezunguka dunia miaka mingi. Muumini alisoma kwa woga wa akhera, mtawala akasoma kwa woga wa uasi; wote wawili hawakuuliza maandishi yale ni ya aina gani na yametoka wapi.

Sasa tuje kwenye ripoti. Huenda msomaji akasema kuwa si haki kulinganisha barua ya ndoto na kazi ya wataalamu wenye shahada. Sisi tunaona kwamba ndiyo sababu hasa ya kuzilinganisha, kwani mtu huilegeza mizani yake mbele ya yule anayemheshimu.

Februari 1947 serikali ya Uingereza ilitoa waraka wa mpango wa kulima karanga kwa mashine katika Afrika ya Mashariki na ya Kati. Wazo hilo halikutoka kwa mkulima wa Nachingwea anayeijua mvua yake. Lilitoka kwa Frank Samuel, mkurugenzi wa United Africa Company, na likachunguzwa mwaka 1946 na ujumbe wa John Wakefield uliozunguka kwa muda wa wiki chache tu, tena kwa sehemu kubwa ukiitazama ardhi kutoka angani.

Tuupime kwa vipimo vilevile. Msemaji ni serikali na wataalamu, watu wa mbali wenye cheo, kama alivyokuwa mtumishi wa kaburi. Lugha ya nyaraka za namna hii hupenda vitenzi visivyo na mtendaji: inakadiriwa, imeonekana, itafyekwa. Nani anakadiria? Nani ameona? Sentensi haisemi, na pasipo na mtendaji hapana wa kuulizwa.

Ama idadi, hapa ndipo penye somo kubwa. Mpango ulitaja eka 3,210,000. Ni namba inayotuliza moyo, kwa sababu haikukatwa mviringo. Mtu hudhani kila eka imekanyagwa na kupimwa. Lakini mpango huo huo ulikuwa na mashamba 107, 80 kati yake yakiwa Tanganyika, na kila shamba eka 30,000. Zidisha 107 kwa 30,000, utapata 3,210,000 kamili. Basi namba ile haikutoka ardhini. Ilitoka kwenye kuzidisha. Usahihi wa hesabu umevaa vazi la usahihi wa ujuzi.

Ama wakati, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili, na kila aliyesema "tujaribu kwanza shamba dogo" alionekana mchelewaji. Istiari za vita nazo zikaingia: waliojiandikisha wakaitwa Jeshi la Karanga, na pori likawa adui. Neno adui likishatumika, kazi ya kufikiri imekwisha. Adui hachunguzwi udongo wake, hupigwa tu.

Matokeo tunayajua. Kazi ilianzia Kongwa, ambako udongo wa mfinyanzi ulikauka ukawa mgumu, mvua zikapungua na mashine zikavunjika. Nachingwea ilitarajiwa kuwa eneo kubwa kuliko yote. Kwa ajili yake ikajengwa bandari ya Mtwara, ikatandikwa na reli. Januari 1951 mpango ukaachwa, na takriban pauni milioni 36 zikafutwa katika vitabu. Reli ikafungwa mwaka 1962. Alan Wood, aliyewahi kufanya kazi ya habari katika shirika lililosimamia mpango huo, alikwisha kuandika kitabu kizima mwaka 1950 kueleza mambo yalivyokwenda. Laiti maswali hayo yangeulizwa mwaka 1947!

Je, tunawafundisha vijana wetu kuuliza maswali hayo? Mwanafunzi wa sekondari wa Nachingwea au Ruangwa hufundishwa tashibiha, istiari na takriri, akazitafuta katika ushairi, riwaya na tamthilia. Akipewa habari ya kawaida, huulizwa ufahamu na ufupisho: imesema nini, na kwa maneno mangapi. Haulizwi imemfanyia nini yeye msomaji. Hivyo huhitimu akidhani kwamba istiari hukaa katika diwani tu, na kwamba ripoti, mkataba na tangazo ni maji safi yasiyotiwa rangi.

Na madhara si ya nadharia. Ardhi ya Ruangwa ina madini ya kinywe yanayotafutwa duniani. Mashamba yetu yanatoa korosho na ufuta unaouzwa kwa stakabadhi ghalani. Kila jambo katika hayo lina karatasi yake, na kila karatasi ina mahali pa kutia sahihi. Ile barua ya Sheikh Ahmad nayo haijafa: imehama kutoka kalamu hadi simu, na inatuagiza tuitume kwa watu kadhaa kabla ya usiku kwisha.

Dawa tunayo nyumbani. Wanachuoni wa balagha, kama Abdul-Qahir al-Jurjani aliyefariki mwaka 471 Hijria (1078), walifundisha kwamba nguvu ya usemi haimo katika neno moja moja bali katika mpango wa maneno na maana zake. Wanachuoni wa hadithi walifundisha kupima sanad na matni: nani kapokea kutoka kwa nani, na lililopokewa linakubalika? Qur'ani Tukufu, katika Sura ya 49 aya ya 6, inatuamrisha kuhakikisha habari kabla hatujawadhuru watu kwa ujinga. Elimu hizi zisibaki kwa wenye vilemba peke yao.

Tunawaomba walimu wa shule na wa madrasa za Nachingwea na Ruangwa watenge saa moja kila wiki, wachukue ukurasa mmoja tu, uwe hotuba, tangazo, mkataba au ujumbe wa simu, wausome pamoja na wanafunzi wakiuliza: Nani anasema, na kajificha nyuma ya nani? Namba hii imepatikanaje? Kwa nini tunaharakishwa? Ni nani aliyeachwa nje ya sentensi? Na maneno haya yakivuliwa mapambo, kinabaki nini?

Wala tusijitoe sisi wenyewe. Ukirudi mwanzo wa makala haya utaona kwamba tulikusifu, ndugu msomaji, kabla hatujakuomba chochote; hiyo nayo ni mbinu, tena ya kale. Tupime nasi kwa mizani hiyohiyo. Tukionekana tumepunja, tuandikie. Wabillahi tawfiq.