Friji Langu Halizai Mbu

Baba mwenye nyumba amenipa mpaka mwisho wa mwezi niwe nimefukia bwawa. Hakufoka. Alisimama ukingoni, mikono nyuma, akayatazama maji kwa muda mrefu kuliko mtu anayeyachukia, kisha akasema, "Mwanangu, maji yaliyotuama ni malaria. Fukia." Nikasema sawa, baba, nikamsindikiza hadi getini. Tangu jioni ile nina hasira ambayo sijaweza kuimaliza kwa mdomo.

Kwanza niseme ni bwawa gani, maana neno lenyewe ni kubwa kuliko kitu. Ni friji bovu. Fundi wa mtaa wa pili aliniuzia bodi tupu kwa shilingi 10,000, gesi imeshatolewa na kompresa imeshauzwa. Tuling'oa mlango, kwa sababu friji lenye mlango ni mtego wa watoto, tukalilaza chali kwenye shimo nyuma ya nyumba, karibu na kamba ya kuanikia nguo. Matundu ya mabomba niliyaziba kwa silikoni, yakavuja. Nikaziba tena, yakavuja tena. Mwishowe nikatandika ndani turubai la bango la tangazo lililoangushwa na upepo, upande wenye picha ukitazama chini, kwa hiyo chini ya samaki wangu yuko dada mmoja anatabasamu na sabuni ya unga. Ukingo ni vipande vya marumaru kutoka kwenye kifusi cha jirani aliyekarabati choo. Mabomba ya shaba ya friji yalipendeza, nilitaka kuyaweka kama pambo, lakini shaba huwadhuru samaki, nikayauza kwa mtu wa chuma chakavu. Yungiyungi lilitoka kwenye mtaro wa mpunga bonde la Ruvu, nikalipanda kwenye ndoo iliyopasuka, tope chini, kokoto juu. Maji ya bomba niliyaacha siku mbili yapoteze klorini. Ndipo nikawatia gapi wanane.

Sasa kuhusu hao mbu. Anayesema "maji yaliyotuama ni malaria" anadhani mbu ni mmoja. Dar es Salaam wako wengi na kila mmoja ana tabia yake. Anofelesi wa gambiae hupenda vidimbwi vidogo vya muda vinavyopigwa jua, vile vya nyayo na tairi za gari baada ya mvua. Aedes, anayebeba dengi, hutaga kwenye kuta za vyombo: kopo, tairi, sahani ya chungu cha maua, na mayai yake hukaa makavu kwa miezi yakisubiri maji. Jiji hili lilipata mlipuko wa dengi mwaka 2014 na mwingine 2019, na sidhani kama ulitoka kwenye mabwawa ya yungiyungi. Na yule anayetunyima usingizi kila usiku, Kuleksi, hupenda maji machafu: mashimo ya vyoo na chemba za maji taka.

Nikubali jambo moja kabla halijasemwa na mwingine. Yuko anofelesi aitwaye funestus, naye hupenda hasa maji ya kudumu yenye majani. Friji langu bila samaki lingekuwa nyumba yake. Ndiyo maana samaki hawakuja kama pambo. Wanakula viluwiluwi, na nikiona yungiyungi limefunika maji yote hupunguza majani ili wapite.

Jumamosi moja nilichukua upawa na tochi nikazunguka uani kwetu, nikichota kila maji niliyoyakuta. Tairi ambalo watoto hukalia: viluwiluwi. Sahani ya chungu cha mshubiri cha mama Rehema: viluwiluwi. Ndoo isiyo na mpini nyuma ya jiko: viluwiluwi. Trei ya maji nyuma ya friji langu jingine, lile zima, chumbani kwangu: viluwiluwi, na aibu nikaipata. Chemba ya maji taka ambayo mfuniko wake ulivunjika kabla sijahamia hapa sikuhitaji kuichota, kwa sababu nilipomulika tochi wingu liliinuka likanijia usoni. Kwenye bwawa nilichota mara kumi. Gapi wawili wachanga, jani bovu, mtoto wa kerengende. Kiluwiluwi hata kimoja sikupata.

Maji yale ndiyo pekee uani yenye mtu anayeyaangalia kila siku, na ndiyo pekee yaliyopewa amri ya kuondoka.

Kinachonikera zaidi ni kwamba hatari ya kweli hakuna aliyeitaja. Mtoto anayetambaa anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha ndoo. Hilo ndilo lililoninyima usingizi mimi, na ndiyo sababu sentimita chache chini ya uso wa maji kuna grili kuukuu ya dirisha imelala, inamzuia mtoto na kumpitisha samaki, na bado nimezungushia uzio. Laiti baba angesema "nina wajukuu, naogopa," ningetafuta sepetu siku hiyo hiyo. Hakusema. Wote husema mbu, kwa sababu mbu ni jibu tulilokariri darasa la tatu.

Au husema maji ni shida, unayachezea. Bwawa linakunywa ndoo moja ya lita 20 kwa wiki kufidia yanayokauka, na wakati wa masika halinywi kabisa, bati linalijaza. Gari la mpangaji wa mbele huoshwa kwa mpira kila Jumapili na hakuna aliyewahi kumuuliza shida ya maji. Au husema ni uzungu. Hapo ndipo ninaposoma historia huniwasha. Husuni Kubwa kule Kilwa, jumba la karne ya 14 juu ya mwamba, lina birika la pembe nane linaloonekana mpaka leo. Misikiti ya kale ya pwani ina mabirika yake ya kutawadhia. Watu wetu walijua kukaa karibu na maji. Kweli, la Kilwa lilikuwa la sultani, na hapo ndipo penye shida yangu: chemchemi ya hotelini haiitwi malaria, inaitwa mandhari. Ya mpangaji wa chumba kimoja inaitwa uchafu.

Wanaonisifu nao wananichosha. Rafiki alirusha picha, maneno yakamiminika: ubunifu, kijana mfano, taka ni fursa. Mmoja aliniomba nikatoe mada. Mwingine akashauri nifuge kambale, soko lipo. Siku hizi kitu hakiruhusiwi kuwepo mpaka kiwe fursa. Sikuokota friji ili kuokoa dunia, niliokota kwa sababu sina hela ya kununua kingine, kama mama yangu alivyopanda mchicha kwenye karai bovu bila mtu kumpa cheti. Na sitaki kuuza chochote. Nataka, nikiwa nimeshinda na tasnifu isiyokwenda, nitoke saa tatu asubuhi ua likiwa limefunguka, rangi ya buluu iliyofifia, kabla halijafumba alasiri. Hakuna faida nyingine. Mtu wa kipato changu anaruhusiwa kuwa na kitu cha kutazama tu, na nashangaa kwamba inabidi niandike sentensi hiyo.

(Wanaotaka kujaribu: msinunue gugu maji hata likiuzwa kwa maua mazuri. Ziwa Victoria linapambana nalo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Na gapi msiwamwage mtoni, si wa kwetu.)

Jana baba alipita tena kukusanya kodi ya chumba cha mbele. Nikamwamkia, nikampa kiti, nikamwambia kwa adabu zote kwamba nitafukia bwawa siku ile ile atakayofunika chemba. Akacheka sana, akasema nyie wasomi nyie. Alipoondoka alipita kandokando ya chemba, akiinua kanzu isiguse.

Leo ni tarehe 14. Jioni hii nimeipigia hesabu ya mfuniko wa zege, kwa fundi, pamoja na nondo. Ni nafuu kuliko kodi ya mwezi mmoja.