Nusu Siku Kisumu, na Haki ya Jamaa



Sisi wa Mombasa tunawajua vyema abiria wa meli za kitalii. Meli hutia nanga Kilindini asubuhi, na kabla jua halijapanda sana, mabasi yamekwisha kuwateremsha wageni pale Ngomeni. Hupiga picha mbili tatu, huingia vichochoro vya Mji wa Kale wakimfuata mbio kiongozi wao, hununua kanga au kinyago, na alasiri hurejea chomboni. Sisi tuketio barazani huwatazama na kuulizana: je, hawa wameona nini? Wachache huvutwa na harufu ya kahawa, wakaketi, wakauliza habari za mtu na watoto wake. Hao ndio tunaowakumbuka hata baada ya miaka.

Juma hili twataka kukiri kwamba nasi tumewahi kuwa kama wale wa mbio. Haikuwa Mombasa, ilikuwa Kisumu, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, katika mji ambao tulikuwa na damu yetu ndani yake.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukimpeleka kijana wetu Mbale, kujiunga na Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda, ambacho tangu kufunguliwa mwaka 1988 kimewapokea vijana wengi wa Pwani. Basi la Mombasa lilituingiza Kisumu alfajiri; gari la kuelekea mpaka wa Busia lingeondoka saa tisa alasiri. Tulikuwa na nusu siku mkononi. Shangazi yetu, dada yake marehemu baba, alikuwa akiishi Kisumu tangu alipoolewa na mfanyakazi wa reli. Tulikuwa tumempigia simu wiki nzima kabla, naye akatwambia atatupikia.

Lakini tulikuwa pia na karatasi. Juu yake tuliandika kila tulichosikia kuhusu Kisumu: mawe makubwa ya Kit Mikayi, jumba la makumbusho, hifadhi ya swala, soko la Kibuye, mashua ya Dunga. Jina la shangazi tuliliandika mwisho, kwa kuwa yeye, tulijiambia, yuko tu, hafungi mlango saa fulani. Tulianza na Kit Mikayi, iliyo mbali kiasi cha kilomita 30 kwa barabara ya Bondo. Gari likachelewa kujaa wakati wa kwenda, na likachelewa tena wakati wa kurudi. Sokoni watoto wakalia kwa joto. Shangazi akapiga simu: "Mko wapi, wanangu?" Tukajibu tuko njiani. Saa nane na nusu tukampigia sisi, tukamwambia muda umetutupa mkono, tutampitia tukirudi. Akasema, "Hapana neno. Nendeni kwa amani ya Mungu."

Tuliporudi, magari yalitupitisha Malaba na Eldoret hadi Nairobi, na Kisumu tukaiacha mbali upande wa kusini. Haukupita mwaka, shangazi akafariki dunia. Mwenyezi Mungu amrehemu na amsamehe, na atusamehe na sisi.

Kijana alipohitimu, njia ilikuwa ile ile, na saa zilikuwa zile zile. Safari hii karatasi tuliiacha nyumbani. Yafuatayo ni yale tuliyojifunza, kwa faida ya kila msomaji ambaye basi, treni au ndege itamshusha Kisumu kwa saa chache.

Kwanza, ni vizuri kuujua mji kabla ya kuufikia. Kisumu si mji wa kigeni kwa mtu wa Pwani. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ililifikia ziwa mahali hapo mwishoni mwa mwaka 1901, baada ya maili zipatazo 580, na kituo kikaitwa Port Florence. Hata kabla ya reli, misafara ya Waswahili ilikuwa ikipita nchi hiyo ikielekea Buganda, na kwa Nabongo Mumia, kaskazini ya Kisumu, Uislamu uliingia kwa mikono ya wafanyabiashara wa Pwani. Baada yao wakaja makarani, mafundi, mabaharia na wapishi. Mtaa mmoja mjini humo waitwa Kaloleni, jina ambalo sikio la Pwani halihitaji kufasiriwa. Katika jamaa zetu wengi, mtu akiuliza vizuri, atapata mjomba au shangazi aliyepanda treni asirudi.

Na Kisumu nayo ilikuwa bandari ya meli za abiria. Vyombo vya mwanzo vilisafirishwa vipande vipande kutoka Ulaya kupitia Mombasa, vikaunganishwa huko huko ziwani. Meli ya MV Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961, ilikuwa ikilizunguka ziwa na kutia nanga Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba na Port Bell. Abiria wake walishuka kwa saa chache katika kila mji, kama wafanyavyo watalii wa Kilindini. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 vyombo viligawanywa, na meli hiyo ikawa mali ya Tanzania.

Pili, anza siku kwa swala na mapumziko. Tulipowasili tulikwenda moja kwa moja Msikiti wa Jamia, ulio katikati ya mji, tukaswali Alfajiri. Msafiri aliyetoka kwenye basi la usiku hafai kukimbilia popote. Saa moja ya utulivu humrudishia akili. Na hapa tuongeze mambo mawili ambayo mtu wa Mombasa huyasahau. Kisumu iko magharibi yetu, basi jua la huko huchelewa: Adhuhuri huingia takriban dakika 20 baada ya Adhuhuri ya Mombasa, na anayefuata ratiba ya nyumbani ataswali kabla ya wakati. Kibla nacho hubadilika. Mombasa twaelekea karibu kaskazini kamili, kwani Makka iko juu yetu moja kwa moja. Kisumu huna budi kugeuka kidogo kuelekea mashariki, nyuzi kama 12 au 13.

Tatu, chagua jambo moja la kutazama, na wape watoto haki ya kulichagua. Wetu waliwekewa mawili: hifadhi ndogo ya swala iliyo kando ya ziwa karibu na mji, au mashua ya Dunga. Wakachagua mashua. Dunga ni ufuo wa wavuvi, kilomita chache kusini ya mji, na tuktuk hufika kwa muda mfupi. Asubuhi ndiyo saa yake: upepo umetulia, vyombo vinarudi na samaki, na ndege wanalia ndani ya mafunjo yaliyozunguka ufuo. Patana bei na muda wa safari kabla hujapanda, na usikubali chombo ambacho hakina jaketi la kuelea kwa kila mtu, mtoto wa kifuani akiwemo. Sisi tuliolelewa na bahari hudhani kwamba maji ya ziwa ni mchezo. Ziwa hili lina kilomita za mraba zaidi ya 68,000, na dhoruba zake huja ghafla, hasa jua likishapinduka.

Mtoto wetu mdogo alichovya kidole akakilamba, akashangaa kwamba maji yasiyo na ng'ambo hayana chumvi. Akauliza maji yatakupwa saa ngapi. Tukamweleza kwamba hapa hakuna kupwa wala kujaa kama kwetu; ufuo wa asubuhi ndio huo huo wa jioni. Akanyamaza, kisha akasema ziwa ni bahari iliyoketi. Lakini tulimkataza kuingia majini. Konokono wa ziwa hueneza kichocho, na kukanyaga kidogo tu kwenye maji ya ufukoni kwatosha kuambukizwa. Nahodha alituonyesha pia gugumaji, lile jani la kijani lenye maua ya zambarau ambalo tangu miaka ya 1990 hulifunga ghuba mara kwa mara, hata mashua zikashindwa kutoka.

Nne ni chakula. Samaki wa ziwa ni halali kwetu bila shaka: ngege, mbuta, na omena ambao ni dagaa. Shaka iko kwenye sufuria na mafuta. Katika baadhi ya vibanda kikaango kimoja hukaanga kila kitu, na vingine huuza pombe meza ya pili. Uliza kwa upole, au nenda kwenye mikahawa ya Waislamu mjini. Mbuta, kwa wasiojua, si mwenyeji. Aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, akakua akawa mkubwa kuliko mtu mzima, na akawamaliza wengi katika samaki wadogo waliokuwako. Leo anapakiwa na kuuzwa Ulaya, na wenyeji wengi hubaki na mifupa yake.

Tano, na hili ndilo tungeliweka la kwanza lau tungejua: saa iliyo bora kuliko zote mpe mtu, wala usimpe masalio. Saa nne na nusu tulikuwa tumekwisha kunawa miguu, tunagonga mlango wa marehemu shangazi. Alitufungulia binti yake, ambaye tulimwona mara ya mwisho akiwa msichana wa shule. Alitukalisha, akatuletea chai ya tangawizi, akawauliza watoto majina yao na kuyarudia moja moja. Hakututaja kwa lawama. Sisi ndio tuliolitaja.

Akasema, "Ndugu zangu, mama hakukasirika. Siku ile aliagiza nazi kwa watu wa basi la Mombasa, akawapikieni mbuta wa nazi. Akaufunika kwa kawa pale juu ya meza. Mimi nilipotaka kufunua, akaniambia tungoje, huenda gari lao limeharibika wakarudi. Tulikula baada ya Magharibi."

Hatukupata la kujibu. Majuto ni mjukuu, wasemao walisema. Kawa lile bado lilikuwa limetundikwa ukutani jikoni, ukindu wake umepauka. Baadaye alitupeleka makaburini. Tulimwombea shangazi, tukikumbuka tuliyofundishwa kwamba dua ya msafiri hairejeshwi, na watoto wakaitikia amina bila kujua vizuri wanamwitikia nani. Tuliwaeleza njiani: alikuwa nani, alicheka vipi, na kwa nini hawakumjua.

Tukarudi nyumbani kwa binamu, tukala. Kisha, wakati wa Adhuhuri ulipoingia, tukaswali Adhuhuri na Alasiri kwa kuzikusanya na kuzipunguza, rakaa mbili mbili. Ruhusa hii ni zawadi kwa msafiri, nayo humwondolea wasiwasi wa kutafuta mahali pa kuswali barabarani. Mwenye shaka kuhusu masharti yake na amuulize sheikh wake kabla ya kuondoka. Saa nane na nusu tulikuwa kituoni, nusu saa kabla ya gari, tumeketi na mizigo yetu, wala hakuna aliyehema.

Je, tulikosa mengi? Makumbusho hatukuyaona, wala soko la Kibuye. Lakini gari la Busia lilipita Maseno, ambako alama ya ikweta iko kando ya barabara, watoto wakaiona dirishani, wakapiga kelele kwamba wameingia nusu ya juu ya dunia. Hilo hatukulipanga. Mwenye kushika machache hubaki na mkono mmoja mtupu wa kupokea kile Mungu atakachomletea.

Tumeamrishwa kutembea katika ardhi na kuzingatia, na Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba kuunga udugu huleta baraka katika riziki na katika umri. Hatuoni kwamba mambo haya mawili yanagombana. Yanagombana pale tu tunapoyafanya mawe na masoko kuwa miadi, na wazee wetu kuwa nafasi ya kujaza muda ukibaki. Jumba la makumbusho litakuwako mwakani. Mawe ya Kit Mikayi yalikuwako kabla ya babu zetu.

Basi, msomaji wetu, ukipata safari yenye kituo cha saa chache, iwe Kisumu, Voi, Nakuru au Kampala, fanya hivi kabla ya kukata tiketi: waulize wazee nyumbani kwako nani wetu anaishi huko. Andika jina hilo juu kabisa ya karatasi, kisha ndipo uandike mengine kama nafasi itabaki. Na akikuambia kwamba atakupikia, fika kabla chakula hakijapoa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, na atukutanishe na walio hai kabla hatujachelewa. Wabillahi tawfiq.