Chozi, Baridi na Somo Lililo Nyuma ya Nyumba

Katika kufundisha elimu ya viumbe, tumezoea kumweleza mwanafunzi jinsi viumbe wanavyoikabili baridi kwa kumtajia dubu wa ncha ya kaskazini na miti ipukutishayo majani theluji inapokaribia. Mifano hiyo ni ya kweli. Lakini kwa kijana wa Nassa, kando ya Ghuba ya Speke, hubaki kuwa maneno ya kukariri, maana hana njia ya kuyahakiki. Wakati huohuo, kwenye mgomba ulio nyuma ya nyumba yao, chozi huja asubuhi kunyonya maji matamu ya maua, yaani nekta, naye anaweza kumfundisha jambo hilohilo.

Taabu ya ndege mdogo huanzia katika hesabu nyepesi. Mchemraba wenye upande wa sentimita 1 una nyuso zenye eneo la sentimita za mraba 6, na ujazo wa sentimita moja ya ujazo. Ukiwa na upande wa sentimita 10, eneo huwa 600 na ujazo 1,000. Ukilinganisha eneo na ujazo, mchemraba mdogo una mara kumi zaidi ya uso wa kupotezea joto. Ndiyo sababu chozi, ambaye kwa aina nyingi hafikii gramu 20, hula mara kwa mara mchana ili apate akiba ya kuvukia usiku.

Amerika nako wako ndege wadogo wanywao nekta, wavumao kwa mabawa huku wakielea mbele ya ua. Hao si ndugu wa karibu wa chozi, ila riziki ya namna moja imewapa maumbile yanayofanana. Usiku wa baridi baadhi yao hupunguza joto la mwili na kuzubaa hadi kunapopambazuka. Mwaka 2020 watafiti walitangaza kwamba katika milima ya Andes, nchini Peru, mmoja alishuka hadi nyuzi 3.3 za Sentigredi. Nilipokuwa masomoni ng'ambo niliona wenyeji wakiwatundikia chupa za maji ya sukari, sehemu moja ya sukari kwa nne za maji, na wengine wakiandika daftarini siku na saa ya kila ndege aliyefika.

Sisi hatuna haja ya kuazima ndege. Juu ya misitu ya Kilimanjaro, ambako umande huganda usiku, anaishi chozi mwenye vishungi vyekundu. Yeye hunywa nekta ya lobelia kubwa na kukamata wadudu. Mwaka 1971 Robert Cheke alichapisha vipimo vya joto la miili ya chozi wa milima ya Afrika, vilivyoonyesha jinsi joto hilo linavyopungua usiku. Mwaka 1975 Frank Gill na Larry Wolf, waliochunguza chozi nchini Kenya, walionyesha kwamba ndege hulinda maua yake pale tu faida ya nekta inapozidi gharama ya kuwafukuza wengine. Huo ni uchumi kamili, tena bila mhasibu.

Kwa maoni yangu, hapana budi somo hili lianzie shuleni. Kipupwe cha Juni na Julai huko Nassa si baridi ya Kilimanjaro, lakini asubuhi hazilingani. Wanafunzi wapime joto alfajiri, kisha wahesabu chozi wanaofika kwenye mgomba mmoja tangu saa 12:30 hadi saa 1:30, kila siku kwa majuma manne. Je, asubuhi ya baridi huwaleta mapema zaidi? Kipimajoto kimoja na daftari vyatosha kulitafuta jibu.

Wako walimu watakaosema kuwa muhtasari ni mrefu na mtihani hausubiri. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, aliyehesabu mwenyewe hatasahau upesi uhusiano wa eneo na ujazo, nao ni sehemu ya muhtasari huohuo.

Chupa za sukari tusiziige. Yafaa tuache mishubiri na miegea ichanue, na tuwe waangalifu na dawa tunyunyizazo kwenye pamba, kwa kuwa chozi hulisha makinda yake wadudu. Taifa litakalowazoesha vijana wake kupima kilicho mbele ya macho yao halitangoja wageni walieleze habari za ndege wake.